Kivuli cha saa sita kinashuka chini, msimkate mtoto maksi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni, na nikiwaambia mafundi wenzangu hapa Buguruni wanacheka tu.

Mimi ni fundi wa mabango, naandika kwa brashi na rangi ya mafuta, kazi zenyewe siku hizi za kuokoteza maana kila mtu anataka bango la kuprinti. Sasa mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya herufi na ubunifu kwenye chuo kimoja hapa Dar (sikitaji), wakapewa projekti wachague maneno wayaandike halafu wachezee na kivuli. Wenzie wengi wakakaa kwenye kompyuta, wakabonyeza, kivuli kikatokea kulia kwa chini, kazi imeisha. Yeye akachagua BEI POA, akakata herufi kwenye maboksi akaja kuzibandika kwenye ukuta wa banda langu, ule unaotazama kaskazini, akaziinua kwa vijiti zikae sentimita 5 kutoka ukutani, afu akawa anafuatisha kivuli kwa penseli asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa sita huo. Akachora ile ya mchana, akapeleka, mwalimu akamkata maksi eti kivuli kimekosewa, kinaonekana kama rangi imechuruzika.

Mwalimu wangu, kwani wewe unaishi wapi? Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua letu linapita upande wa kaskazini, mchana linakuwa juu kwenye nyuzi 60 hivi, kwahiyo herufi iliyotoka sentimita 5 inaangusha kivuli karibu sentimita 9, na kinaanguka chini moja kwa moja, hakiendi kulia wala kushoto. Asubuhi ndo kinaenda kulia chini kama hicho cha kompyuta, jioni kinageukia kushoto. Na ukihamia ukuta unaotazama kusini mwezi wa kumi na mbili ndo balaa, jua lipo juu zaidi, sentimita 5 zilezile zinakupa kivuli cha kama sentimita 17, kinaingia mpaka mstari wa chini yake. Tena mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba mchana linakaa utosini kabisa, nguzo ya umeme iliyonyooka haina kivuli!

Na hapo ndo yule binti aliona kitu ambacho mimi miaka yote na brashi yangu sikuwahi kukaa nikakiangalia vizuri. Kivuli kikishuka wima, I inabaki vilevile, inaongezeka tu mguuni, maana kivuli chake kinajificha nyuma ya mwili wake. Ila E yale mapengo yake yanajaa, kila mkono unaumwagia kivuli ulio chini yake, B na P matumbo yanaziba, O tundu linapungua. Kwahiyo neno moja lina herufi zilizonenepa na zingine zimekonda, na wewe hujabadilisha fonti. Akazitundika zingine kwa uzi kama mita moja mbele ya ukuta, kingo zikalainika, maana jua sio nukta, lina upana wake, na kwa mita moja, jua likiwa limeinama hivyo, ukungu wa ukingo unafika sentimita mbili au zaidi. Sa hiyo kompyuta inakufundisha saa ngapi?

Afu mwisho akatoa maboksi yote akaacha vivuli vya penseli tu, na BEI POA ikasomeka bila herufi yenyewe kuwepo, jicho linamalizia. Na hili wazungu walishalifanya zamani, kuna fonti ya Marekani ya miaka ya 1930 inaitwa Umbra, ni vivuli vitupu. Kwahiyo sio wazimu wa mtoto.

Simaanishi kivuli cha kulia chini ni kibaya, mimi mwenyewe nakiandika kila siku, wateja wa saluni na maduka ya simu bila hicho hawalipi. Ila ni mazoea ya mafundi, wamekubaliana mwanga utoke juu kushoto basi. Huwezi kumkata mtu maksi kwa sababu alitoka nje akaangalia.

Ombi langu kwa vyuo, hiyo kazi isahihishwe upya, na hizi projekti msizifungie kwenye vyumba vya kompyuta, wapelekeni wanafunzi kwa mafundi wa mabango huku mtaani, na fundi alipwe muda wake sio apewe soda. Ukuta wangu upo na alama za penseli sijazifuta, mwalimu akitaka kuhakikisha anakaribishwa, ila aje kabla ya Oktoba, maana ikifika Desemba ukuta huo haupati jua kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Fundi wa mabango,
Buguruni, Dar es Salaam