Kukohoa kufundishwe kabla ya opresheni, sio baada

Mhariri, naomba nafasi niongee na manesi na madaktari wa hapa Dodoma, na sisi ndugu wa wagonjwa pia.

Mgonjwa akiandaliwa opresheni anaambiwa asile, asaini fomu, ndugu wakatoe damu, basi. Habari ya kupumua na kukohoa anaisikia akishashonwa, nusu kaputi bado haijamtoka vizuri na maumivu yamemshika, hapo atamwelewa nani? Na ndugu ndo tunaharibu kabisa, utasikia "usikohoe mama, nyuzi zitafumuka". Basi anajikaza, anapumua juu juu, makohozi yanaganda, mapafu kule chini yanasinyaa, siku mbili tatu homa hiyo, nimonia, na kidonda chenyewe kilikuwa kinaendelea vizuri tu.

Mwaka jana nilimuuguza mama mdogo, alipasuliwa tumbo. Nesi mmoja wa zamu ya jioni, Mungu ambariki, alimfuata siku moja kabla akamwonyesha: kaa wima, vuta pumzi puani taratibu mpaka tumbo liinuke, ishikilie sekunde tatu hivi, itoe mdomoni polepole, mara kumi kila saa ukiwa macho. Halafu akakunja khanga ikawa nene, akamwambia ukishapasuliwa iweke juu ya kidonda, kandamiza kwa mikono miwili ndo ukohoe, na ukohoe kutoka kifuani sio kule kusafisha koo. Baada ya opresheni mama mdogo alikuwa anaidai khanga mwenyewe, anakunja uso lakini anakohoa na makohozi yanatoka.

Hili limepimwa pia. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2018 ulikuta wagonjwa wa opresheni kubwa za tumbo waliokaa na mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya mwili) nusu saa kabla ya opresheni akiwafundisha kupumua, matatizo ya mapafu yalipungua kwa nusu kulinganisha na waliopewa kijitabu peke yake. Nusu saa tu jamani, na hakuna mashine!

Kuna opresheni kama za jicho, ngiri au ubongo daktari anaweza kukataza kukohoa kwa nguvu, kwa hiyo tuulize kwanza. Na dawa ya maumivu apewe kwa wakati, maana mtu mwenye maumivu makali hawezi kuvuta pumzi ndefu hata umbembeleze vipi.

Ombi langu, watu wa fiziotherapia wasiitwe kwa waliovunjika miguu tu, wapite na wodi za upasuaji siku moja kabla, na ndugu mmoja aitwe asikilize.

Msomaji wako,
Dodoma