Barua kwa shoga yangu aliyepewa mradi Kongwa

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatuonea. Ujumbe wako nimeupata: umekabidhiwa mradi wa maji wilayani Kongwa, huko Dodoma, na unaniuliza utaishi vipi na watu wa mradi. Sikushangaa kwamba hukugusa habari za pampu wala mabomba. Hayo unayajua kunishinda.

Hebu kwanza kumbuka uko wapi. Hapo Kongwa ndipo Waingereza walipoanzia mradi wao wa karanga mwaka 1947. Mwaka uliotangulia walituma wataalamu watatu, wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Wakarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe kwa miaka 6, nyingi zikiwa Tanganyika. Mvua ikakataa. Udongo wa mfinyanzi ukakauka hadi karanga haziwezi kung'olewa. Matrekta, mengine yaliyobaki vitani, yakalala porini kwa kukosa vipuri. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikaenda na maji, kwa namna ya kusema, maana maji yenyewe hayakuwepo.

Watu hupenda kucheka yale matrekta. Mimi linaloniuma ni kwamba Wagogo walikuwepo pale pale. Mzee yeyote wa mwaka 1946 alikuwa ameiona Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Angeweza kumwambia mgeni kuwa mvua ya Ugogo si ya kuichezea kamari. Habari ilikuwepo kijijini, lakini haikuwa na njia ya kufika mezani kwa mwenye kuamua. Na huko London Waziri wa Chakula, John Strachey, akaendelea kuutetea mradi Bungeni wakati porini mambo yalikwishaharibika.

Ndiyo maana nakuambia, kuliko ratiba na kuliko bajeti, shughulika na hili: habari mbaya ikufikie ingali changa. Na kwetu haiji yenyewe. Kijana wa saiti hawezi kukuambia wewe bosi wake kwamba mtaro umegonga mwamba tangu Jumanne. Atakwambia "tuko vizuri, mhandisi, tunamalizia." Siyo mwongo, ana adabu tu. Ukimuuliza "mambo yanakwendaje?" umemlazimisha akujibu salama. Muulize mita ngapi zimechimbwa, ngapi zimelazwa bomba, ngapi zimepimwa presha, kisha umuulize nini kitakachowakwamisha wiki ijayo. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani, kwa sababu linampa ruhusa ya kulalamika bila kuonekana mlalamishi.

Siku ya kwanza mtu atakapokuletea balaa mbele ya wenzake, wote watakuwa wanautazama uso wako. Ukifoka, basi, hutaletewa tena, utakuwa unasikia kwa diwani. Mshukuru, uliza maswali, mpe kazi ya kulifuatilia. Kama amekosea, ya kukosea mtayazungumza baadaye wawili, mlango umefungwa. (Na wewe, shoga, ninakujua: mtu hajamaliza sentensi umeshamjibu. Jifunze kuhesabu hadi tano.)

Foromani wa mkandarasi umesema ni mzee wa makamo ya baba yako. Mpe shikamoo yake kila asubuhi, muulizie na watoto. Kisha likija bomba lililofukiwa kabla ya kupimwa presha, lifukuliwe, na agizo hilo uliandike kwenye kitabu cha saiti siku hiyo hiyo, tarehe na saini za pande zote mbili. Shikamoo haifuti maandishi. Mapatano ya simu nayo usiyaache hewani: mkishakata, tuma ujumbe mfupi wa nani atafanya nini na lini. Hati ya malipo ikija kuwa na mzozo, utanikumbuka.

Mkutano wa kijiji lazima uufanye, mwenyekiti na mtendaji wawepo, wazee waseme. Lakini usidhani umesikia kijiji. Wanaoteka maji ni wanawake na watoto, na mkutanoni wengi wao watakaa nyuma kimya. Nenda kisimani alfajiri, kaa nao kwenye foleni ya ndoo, usiende na daftari. Dodoma maji ya chini mahali pengi yana chumvi. Watakuambia kisima kipi wanakitumia kufulia tu na kipi cha kunywa, kipi hukauka Septemba, na shamba la nani lina makaburi ambayo mchoro wako wa bomba umepita juu yake. Maabara itakuthibitishia chumvi. Makaburi hakuna maabara itakayokuambia.

Huko juu, halmashauri na wizarani, mambo ni yale yale yamegeuzwa. Sasa wewe ndiye mwenye adabu unayetaka kusema "tunamalizia." Usisubiri ripoti ya robo mwaka, wala usifiche ucheleweshaji kwenye jedwali la ukurasa wa kumi na nne. Piga simu mapema, sema kimetokea nini, kitagharimu nini, na wewe unapendekeza nini. Wakubwa wengi huvumilia kuchelewa. Wasichovumilia ni kuulizwa na mbunge jambo ambalo hawakuambiwa.

Ripoti yako ya kwanza nitumie kabla hujaipeleka, nitaisoma usiku nikishawalaza watoto. Mama nimempa salamu zako, anauliza zabibu za Dodoma zinavunwa lini.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Tanga