Barua kwa mwanangu Zaituni: hiyo kodi ya miezi sita

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Zaituni,

Hapa nyumbani hatujambo. Baba yako mguu unamsumbua usiku, mchana anatembea vizuri tu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kuuliza unasema, "Mama, salio linaisha," na bando la mwezi unalo. Hesabu zikinizidi kalamu anashika mdogo wako Hamisi, kwa hiyo ukiona mwandiko umebadilika usishangae.

Kazi nimekupongeza na nakupongeza tena. Kutoka Kasulu hadi ofisi ya pale Posta, katikati ya Dar, tena bila kumjua mtu yeyote ndani, si jambo dogo. Mama zako wa hapa mwaloni wote nimewaambia. Najua pia kwamba huko kwenye kambi ya wakimbizi kazi hazina uhakika tena, mashirika yamepunguza watu tangu Wamarekani wakate misaada mwaka 2025. Sikwambii ubaki. Nauliza kitu kimoja ambacho mpaka leo hujanijibu: hiyo kodi ya nyumba ya miezi sita unaitoa wapi?

Umesema chumba na sebule Sinza ni 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla 2,100,000, hujanunua hata ndoo. Na mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi. Sasa hapo katikati?

Wewe ndiye mhasibu, mimi muuza dagaa, lakini nimekaa na Hamisi tumepiga hesabu ambayo ulipaswa unipigie wewe. Unasema mshahara umekuwa mara mbili, kutoka 900,000 hadi 1,800,000. Kwenye karatasi ni kweli. Kwenye 900,000 ya Kasulu, NSSF wanachukua 90,000, Bodi ya Mikopo iliyokusomesha chuo asilimia yao 15 ambayo ni 135,000, kodi ya mapato 80,500. Mkononi unabaki na 594,500. Kwenye 1,800,000 NSSF ni 180,000, Bodi 270,000, na kodi inaruka hadi 314,000, kwa sababu kinachozidi milioni moja wanakikata asilimia 30. Unabaki na 1,036,000. Kwa hiyo nyongeza yako siyo 900,000, ni 441,500.

Haya, Kasulu unalipa chumba 70,000, Sinza 300,000. Toa hiyo tofauti ya 230,000, umebakiwa na 211,500. Igawe kwa siku 26 za kazi, haifiki 8,200 kwa siku. Humo ndimo mna daladala asubuhi na jioni, bajaji siku ya mvua, na chakula cha mchana cha kununua, maana Kasulu ulikuwa unatembea kwa mguu na saa saba unarudi kula kwako. Luku na maji sijavigusa. Nguo za ofisi ya Posta sijazigusa.

Nisiwe mtu wa upande mmoja. Kuna vitu Dar ni rahisi kuliko huku, vile vyote vinavyotoka kiwandani na bandarini. Saruji, mabati, sabuni, nguo, sisi tunavinunua na nauli yake juu. Mchele na mawese utavipata kwangu. Kinachokula mshahara mjini ni paa la kulalia na njia ya kwenda kazini, na hivyo viwili siwezi kukutumia kwenye basi.

Hayo ninayajua kwa dagaa. Bei ya Dar inatamanisha, ukiisikia ukiwa hapa mwaloni unaona wenzako wanaouza papa hapa wamelala. Halafu unalipia gunia, wapakiaji, ushuru, mzigo wenyewe, na ukifika, mteja anatia mkono hadi chini ya gunia anatoka na kiganja cha unga, dagaa waliopondeka njiani, anakuonyesha huku anakata bei. Kuna safari nimerudi na pesa pungufu kuliko ya aliyeuza hapa hapa mchangani. Nyingine zimelipa vizuri. Zilizolipa ni zile nilizojua gharama kabla sijapakia.

Ulinijibu kwamba dunia nzima watu wanafuata miji ya gharama kwa sababu ndiko kwenye mishahara. Nikamwambia Hamisi atafute kwenye intaneti. Kumbe San Francisco, huko Marekani, mwaka 2018 serikali yao ilihesabu familia ya watu wanne yenye kipato cha dola 117,400 kwa mwaka kuwa ni ya kipato cha chini, kwa sababu ya nyumba. Nilimwambia asome tena nikidhani amekosea sifuri. Na wauguzi wa hospitali za umma wa London ya katikati wanaongezewa kama asilimia 20 ya mshahara kwa sababu tu mji ni ghali. Hilo ndilo nilitaka ulisikie. Hiyo kampuni yako imekuongezea nini kwa ajili ya Dar? Posho ya nyumba imeandikwa kwenye mkataba au haipo? Waulize kabla hujasaini. Waombe hata wakulipie hiyo miezi sita wao, wakukate kidogo kidogo. Mwajiri kukopesha kodi ya nyumba siyo ajabu, wapo wanaofanya. Ukiona aibu kuuliza sasa, utauliza lini? Ukishasaini hawakusikilizi.

Maana ninachoogopa nakijua. Utaniambia "nitajua tu, Mama," na kujua kwenyewe ni mkopo wa kausha damu. Au hiyo ya kwenye simu, unabonyeza usiku pesa inaingia, wiki ya pili wanawapigia watu wote walio kwenye simu yako. Binti wa jirani yetu alitafutwa mpaka kwa mchungaji wake. Usikope kodi ya nyumba kwa watu hao. Afadhali ukae kwa shangazi yako Mbagala miezi mitatu. Najua maneno yake, na foleni, na kulala na watoto chumba kimoja. Miezi mitatu. Ukila kwake na kuweka 600,000 kila mwezi, hiyo miezi sita ya Sinza utailipa kwa pesa yako na usiwe na deni la mtu. Nimeshaongea naye. Ndiyo, kabla ya kukuuliza. Na wewe habari ya kazi ulimwambia yeye kabla yangu, kwa hiyo tuko sawa.

Jambo jingine. Mjomba wako ameshasikia hiyo 1,800,000, usiniulize kaisikia kwa nani. Anasema mwanaye anaingia chuo na "sasa tuna mtu Dar." Akikupigia mtajie ile 211,500. Hata sisi usitutumie kitu mpaka umekaa sawa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, nyumba hii ilikula kwa mshahara wako wa Kasulu, na sijasahau. Wakati ule ulikuwa unanitumia 150,000 unaniambia kwamba wewe unayo ya kutosha. Nimeona sasa kwenye hesabu ya Hamisi kwamba haikuwa ya kutosha.

Kikoba tunavunja Desemba. Fungu langu nilikuwa nimelipangia bati la jikoni, kwa sababu upande wa mlangoni mvua inaingia hadi kwenye mafiga. Fundi amekuja kupima, anataka 180,000 na bati zenyewe ninunue mimi. Nimemwambia asubiri. Sijasema lolote, nakuarifu tu.

Ukipita hapa usiondoke bila mzigo wako. Nimekuanikia dagaa mwenyewe, wa juu ya chanja, hawana mchanga, nusu yao mpe shangazi. Dumu la mawese la lita tano usililaze kwenye buti la basi, mfuniko wake haukazi, niliufunga kwa nailoni. Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwa baba yako pamoja na hati ya kiwanja cha Gungu, umwombe mwenyewe, mimi funguo hanipi. Na Hamisi anasema viatu vyake vya shule vimeisha soli, anavaa namba 42 sasa.

Nijibu kuhusu kodi kabla ya kusaini. Nijibu kwa tarakimu.

Mama yako