Nilisema ukweli ushirikani, sasa ubatizo wa mtoto unanitisha

Mama Mshauri, Bwana asifiwe.

Usingizi umekataa, na ubatizo ni Jumapili hii. Nakuomba kitu kimoja kabla sijaanza: usinijibu kwa mistari mitupu. Mistari ninayo. Nimelelewa na walokole, mama yangu aliokoka kabla sijazaliwa, na Biblia naisoma mpaka leo, hata kama watu wanasema nimeiacha.

Unajua mambo ya ushirika yalivyo. Mtu anasimama, anatoa kilichomo moyoni, anatembea nuruni, ndugu wanamwimbia na kumkumbatia. Nimewaona wanaume wakikiri wizi na uzinzi pale mbele, wakapokelewa vizuri. Mimi sikuiba cha mtu. Nilisimama nikasema kwamba tangu tumzike mtoto wetu wa pili, nikiomba naona kama naongea peke yangu. Basi. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Kiongozi akasema roho ya shaka ndiyo iliyofungulia mauti mlango wa nyumba yangu. Na mama yangu, aliyenizaa, alikuwa ameketi nyuma yangu. Akanyamaza.

Huyo kiongozi simlilii, anasema mengi. Namlilia mama.

Ngoja nikueleze, maana nasikia wengine wanasema sikuomba. Wakati ule baba watoto alikuwa Somalia. Wanajeshi wetu wa Uganda walianza kwenda kule 2007, na sisi wake zao tunaijua hofu ya simu inayolia alfajiri. Kila usiku nilimwombea kwa Zaburi ya 91. Malaria ikamshika mtoto, na alikuwa analala ndani ya neti. Sikuchelewa kumpeleka hospitali. Sikwenda kwa mganga, kama yupo aliyeniona na aseme. Walimchoma artesunate, lakini damu ilikuwa imekwisha mwilini na ya kumwongezea ilitafutwa usiku kucha. Nikamsomea zaburi ileile pale kitandani: “Mabaya hayatakupata wewe, wala tauni haitaikaribia hema yako.” Kulipokucha hakuwepo. Baba yake akarudi kutoka Mogadishu mzima, bila hata mkwaruzo. Aliyekuwa kwenye mabomu akalindwa, aliyekuwa ndani ya neti akachukuliwa, kwa maombi yaleyale ya mdomo huuhuu. Kanisani wakataka nitoe ushuhuda wa shukrani kwa kurudi kwake. Nikatoa. Watu walipiga makofi.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Usiku ule wa hospitali sikuwa na shaka hata chembe. Niliamini kabisa kwamba tutarudi naye nyumbani. Shaka ilikuja baada ya kaburi. Kilichokuja nyuma kiliwezaje kufungua mlango mbele? Nilitaka mama aseme hilo tu. Alikuwepo hospitali, alinisikia nikiomba, anajua. Neno moja lingetosha.

Na si mtu wa kuogopa watu. Mama ndiye aliyetusimulia tangu tukiwa wadogo habari za Askofu Mkuu wetu Janani Luwum, jinsi utawala wa Idi Amin ulivyomuua Februari 1977, Wakristo wakakusanyika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, penye kaburi lililochimbwa na mwili haukuletwa, wakaimba. Akifika hapo yeye huanza kuimba pia. Mtu wa namna hiyo anashindwaje kumtetea binti yake mbele ya akina mama wa ushirika? Mwenyewe alizika watoto wawili kabla yangu. Hajawahi kutuambia aliomba nini siku hizo.

Pale kanisani sirudi, nimeshaamua. Ubatizo tunaufanyia kwenye ibada ya Kiswahili hapa kambini, kwa kasisi wa jeshi. Kule walinitoa hata kwenye zamu ya kusoma masomo bila kuniuliza. Nani aliwaambia sitaki kusoma? Ningesoma Jumapili yoyote wangenipa. Mama naye nilisema asije. Lakini gomesi yake ya siku hiyo nimeshamlipa fundi, na kitambaa nilichagua mwenyewe.

Baba watoto anaona nasumbuka bure. Anasema kasisi akiuliza, jibu pamoja na wengine, hakuna anayeweka mzani moyoni mwa mtu. Yeye amezoea amri, ukiulizwa unaitikia. Mimi siwezi kuitikia hivyo. Tutaulizwa kama tunamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, na tunajibu kwa niaba ya mtoto asiyejua kusema. Nikisema nasadiki huku moyo unayumba, nimemdanganya nani? Yakobo ameandika kwamba mwenye shaka asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Mstari huo walinisomea pia, wakaurudia.

Najua utaniambia habari za yule baba katika Marko 9, aliyelia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Nimemfikiria sana. Yesu hakumrudisha nyumbani amalize shaka zake kwanza, na mwanawe alipona. Huwa nafarijika, halafu naumia: wa kwake alipona na baba alikuwa anayumba, wangu alikufa na mimi sikuyumba. Sasa ndiyo nayumba, na nina mtoto mwingine mikononi. Usiku namgusa paji la uso kila akikohoa.

Hiki hapa sijamwambia mtu. Kama yule kiongozi alisema kweli, hata kidogo? Kama hii shaka ya sasa ndiyo itakayofungua mlango kwa huyu mdogo? Sitaki kuamini hivyo, na kusema kweli siamini, kwa sababu Mungu wa namna hiyo ningemkimbia, na mimi sijamkimbia, bado naomba hata kama naona kimya. Lakini saa nane ya usiku naamini kila kitu.

Niambie basi: nisimame nijibu, au niende kwa kasisi kesho, nimweleze nilivyo, yeye aamue kama tuahirishe? Nikimweleza naye akanisomea Yakobo, sijui nitaelekea wapi. Na mama nimuulize kwa nini alinyamaza, kabla ya Jumapili au baada? Yuko chumba cha pili, amekuja kunisaidia mtoto. Tafadhali ukijibu usitaje kambi wala jeshi, anasoma ukurasa wako.

Mama wa mtoto wa ubatizo,
Jinja