Tabibu wa ngozi apewe nafasi yake kwenye ikama

Ndugu Mhariri,

Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, kule Geneva, ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele katika afya ya jamii. Vyama vya madaktari wa ngozi vya nchi mbalimbali vilivyo chini ya shirikisho lao la kimataifa, ILDS, vililipigia debe azimio hilo, na furaha yao wanastahili. Huku zahanati habari ilipita kimya. Tangu hapo nasikia ushirikiano wa kimataifa wa ngozi ukizungumzwa kama jambo linaloanza leo, na hapo ndipo naomba nafasi kwenye gazeti lenu, kwa sababu jambo hilo lilianza Moshi zamani.

Shirikisho hilo liliunda taasisi yake ya kushughulikia nchi maskini mwaka 1987. Mwaka 1992, pamoja na Wizara yetu ya Afya na wamiliki wa hospitali ya KCMC, kikafunguliwa Moshi kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi, ambacho wengi tunakiita RDTC. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Henning Grossmann kutoka Ujerumani. Waanzilishi walikubali jambo ambalo madaktari bingwa wengi hawapendi kulikubali: kwamba mabingwa wa ngozi hawatatosha kamwe kumfikia mtu wa kijijini. Kwa hiyo wakawachukua matabibu na wauguzi, watu wa kada ya kati, wakawasomesha miaka miwili, kisha wakawarudisha kwao. Wamekuja kutoka Malawi, Uganda, Kenya, Zambia, Ethiopia na kwingineko. Madaktari wanaosomea ubingwa walifuata baadaye. Kila Januari kituo huwa na mkutano wa kujinoa, na wahitimu hurudi na picha za wagonjwa waliowashinda.

Walimu wa nje walikuja wakafundishia hapa hapa, juu ya ngozi zetu. Hilo si dogo. Vitabu vingi vya ngozi vimejaa picha za Wazungu, na mwanafunzi anaambiwa atafute wekundu. Kwa mgonjwa mweusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona zambarau, kijivu, au weusi uliozidi weusi wa kawaida, na wakati mwingine vidole vinavyopapasa joto na uvimbe vinakwambia zaidi kuliko macho. Aliyesomea picha tu atakipita kidonda akidhani ni kovu.

Nitoe mfano wa kila wiki. Mama analeta mtoto mwenye choa shavuni. Kabla ya kuja kwetu alipita duka la dawa akauziwa tyubu ya mchanganyiko, yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki humo humo. Baada ya siku tatu muwasho ukakata, ule mviringo ukafifia, mama akashukuru na kumwelekeza jirani. Steroidi ilikuwa imetuliza ngozi huku fangasi wakiendelea kula. Mwezi mmoja baadaye choa kimetambaa hadi sikioni, hakina mpaka unaoeleweka, na asiyejua ataandika ukurutu kisha aongeze steroidi nyingine. Aliyesoma Moshi atakwangua kidogo pembeni, aangalie kwenye hadubini, asimamishe ile tyubu na kuandika mafuta ya Whitfield, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Akiona na mapunye kichwani atajua kwamba kupaka hakutoshi, yanataka vidonge kwa wiki kadhaa.

Upele ndio usiseme. Nyumba moja ina watoto watano wanaolala mkeka mmoja, chupa ya dawa anapewa mmoja. Lazima wapake wote usiku ule ule, wasio na muwasho pia, kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na kitovuni, kisha nguo na matandiko yafuliwe. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Ivermektini, dawa tunayogawa kwa ajili ya usubi na matende, huua wadudu wa upele pia. Kwa nini basi kampeni hizi zipangwe kana kwamba kila ugonjwa una kijiji chake, sijapata wa kunijibu.

Moshi ndipo pia ilipoanzia Kilisun, mafuta ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino, aliyoyaanzisha mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto Valdés. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ilisaidia utaalamu na malighafi, na mafuta yakatengenezwa hapa nchini. Ushirikiano wa namna hiyo naupigia saluti.

Sasa malalamiko yangu. Namfahamu tabibu aliyemaliza miaka yake miwili, akarudi kwa mwajiri akapangiwa zamu ya wodi ya uzazi, kwa maelezo kwamba kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, hakuna nafasi ya mtu wa ngozi. Hadubini aliyokuja nayo iko kabatini. Wagonjwa wa ngozi wanaandikiwa na yeyote aliye zamu. Fedha za wafadhili, jasho la walimu, miaka miwili mbali na familia, vyote vimeishia kwenye cheti kilichotundikwa sebuleni.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wetu, kabla ya kusaini hati nyingine za ushirikiano, waingize kwenye ikama nafasi ya tabibu wa ngozi, angalau mmoja kwa kila hospitali ya wilaya, nayo itambuliwe katika muundo wa utumishi ili asomaye apande daraja. Akiwepo huyo, atatufundisha sisi wa zahanati. Huko Bamako, Mali, mafunzo ya siku moja tu kwa wahudumu wa kawaida yaliboresha utambuzi wa magonjwa ya ngozi na kupunguza gharama za dawa wanazoandika.

Na vyama rafiki vya Ulaya na Marekani, tafadhali punguzeni kambi za matibabu za siku tatu. Tunapenda mkija, na fulana tunazivaa. Lakini mgonjwa wa ukoma aliyeanzishiwa dawa Jumanne anahitaji mtu wa kumwangalia ganzi ya mikono mwezi ujao na baada ya miezi sita, na ndege yenu imeshaondoka Ijumaa. Fedha ya kambi moja ilipieni ada ya tabibu, au mshahara wa mwalimu wa Moshi.

Mkutano wa Januari unakaribia. Nashauri Wizara impeleke ofisa mmoja wa utumishi akae na wahitimu, awaulize kila mmoja anafanya kazi gani kwa sasa.

Mganga mfawidhi wa zahanati,
Handeni, Tanga
(Jina linahifadhiwa na mhariri)