Paka mwenye ugonjwa wa figo: usimnyime nyama, mpunguzie fosforasi

"Tangu daktari aniambie figo zimechoka, nyama nimemwachisha. Sasa hivi ni ugali na maziwa tu." Maneno haya tunayasikia mara nyingi hapa dukani, na anayeyasema huwa ni mtu anayempenda paka wake kwelikweli. Ndiyo maana tumeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu. Paka hawezi kuishi kwa ugali. Ukimnyima nyama, mwili wake unaanza kujitafuna misuli, na taka zinazotoka kwenye misuli hiyo zinakwenda kuzielemea figo zilezile ulizotaka kuzipumzisha. Cha kupunguza kwanza kwenye bakuli la paka huyu ni fosforasi, aina ya madini. Nyama inabaki, ila inachaguliwa, inachemshwa kwa namna yake na inapimwa kwa mizani.

Kabla ya jiko, damu. Ugonjwa sugu wa figo huwapata zaidi paka waliozeeka, na unajificha sana: figo inaweza kupoteza theluthi mbili za uwezo wake ndipo mkojo uanze kuwa mwepesi kama maji. Hapo paka anakunywa kupita kawaida, anakojoa sana, anakonda mgongoni, manyoya yanakosa mng'ao, mdomo unanuka, mara anatapika povu asubuhi. Hapa Dodoma dalili ya kwanza inatupita kirahisi, kwa sababu kuanzia Septemba mpaka mvua za Desemba kila kiumbe kina kiu na mwenye paka anasema ni joto. Usiangalie bakuli la maji peke yake, angalia na mchanga anaokojolea. Ukiona unalowa maradufu ya zamani, mlete. Kipimo cha kreatinini (taka ambayo figo hutakiwa kuitoa), fosforasi, kalsiamu na potasiamu kwenye damu, pamoja na kipimo cha mkojo, ndivyo vinavyoonyesha ugonjwa umefika hatua ya ngapi kati ya nne. Paka wa hatua ya pili, kwa mfano, tunataka fosforasi ya damu yake ibaki chini ya miligramu 4.6 kwa desilita. Chakula cha paka wa hatua ya kwanza na cha paka wa hatua ya nne havifanani, kwa hiyo usichukue utaratibu wa paka wa jirani.

Kwa nini fosforasi? Imo karibu katika kila chakula chenye protini, na figo nzima huitoa ile ya ziada kupitia mkojo. Figo iliyochoka inashindwa, fosforasi inapanda kwenye damu, na tezi ndogo za shingoni zinaitikia kwa kumwaga homoni inayonyofoa kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Kalsiamu hiyo ikikutana na fosforasi iliyojaa, zinaganda pamoja kwenye viungo laini, figo zenyewe zikiwemo. Yaani ugonjwa unajizalisha. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 uliwafuatilia paka 50 wenye ugonjwa huu: waliokubali kula chakula cha figo, chenye fosforasi na protini iliyopunguzwa, waliishi kwa wastani wa kati siku 633, wasiokula chakula hicho, siku 264. Ni dawa chache sana za figo zinazoweza kuonyesha tofauti ya namna hiyo, na hii ni bakuli tu.

Sasa twende sokoni, maana hapo ndipo shida ya kwetu ilipo. Vitu vinavyonunuliwa kwa ajili ya paka pale Majengo au Sabasaba karibu vyote vimejaa fosforasi: dagaa, vichwa vya perege, mifupa ya kuku, maini. Dagaa wakavu ndio wabaya kuliko wote, kwa sababu wanaliwa na mifupa yao na maji yote yameshatoka. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 1,000 za fosforasi. Maini ya ng'ombe yaliyopikwa yanakaribia miligramu 500 kwa gramu 100. Kiini cha yai kina kama 390. Maziwa yanaonekana hayana neno, miligramu 90 hivi kwa gramu 100, lakini paka wengi wakubwa yanawaharisha, na kuharisha ni kupoteza maji ambayo mgonjwa huyu hana ya kupoteza. Soseji nazo zikae mbali kabisa: viwandani huongezewa chumvi za fosfati, na fosforasi ya aina hiyo huingia kwenye damu haraka kuliko ile iliyomo kwenye nyama yenyewe.

Kinachofaa kipo, tena si ghali. Paja la kuku wa broila pamoja na ngozi yake, likishapikwa, lina takriban miligramu 175 kwa gramu 100. Mafuta ya ngozi yanampa nguvu bila kumwongezea fosforasi. Kidari kinasifiwa na kila mtu, ila kwa paka huyu paja ni bora: fosforasi yake ni kidogo, na ile nyama nyeusi ina nyingi zaidi ya taurini, kirutubisho cha moyo na macho ya paka. Ute wa yai ni zawadi, protini safi yenye kama miligramu 15 tu, mradi uupike, kwa sababu ute mbichi unafunga moja ya vitamini za kundi B. Wali mweupe una miligramu 40 na kitu. Ukipenda ugali, uwe wa sembe. Dona, mtama na uwele vinabaki na kiini na pumba za nafaka, na fosforasi imelala humo.

Nyama ikate vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, kisha mwaga supu yote. Tunajua inauma kumwaga supu ya kuku, na paka atakutazama, lakini sehemu nzuri ya fosforasi imetokea humo. Tatizo ni kwamba supu hiyohiyo inaondoka na taurini. Paka hatengenezi taurini ya kumtosha, inabidi aile. Mwaka 1987 daktari Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye upungufu wa taurini walikuwa wanapanuka moyo na kufa, na kwamba wakirudishiwa taurini moyo unaweza kupona. Wengine hupofuka. Kwa hiyo anayemwaga supu bila kurudisha taurini anaokoa figo na kuua moyo. Sisi tunaiuza ya unga. Kiasi cha kawaida ni miligramu 250 kwa siku, na unaichanganya chakula kikishapoa.

Tuchukue paka wa kilo nne. Anahitaji takriban kalori 200 kwa siku. Gramu 60 za paja lililopikwa na ngozi yake zinampa kama kalori 145 na miligramu 105 za fosforasi. Ute wa yai moja, kalori 17 na miligramu 5. Gramu 30 za wali, kalori 39 na miligramu 13. Jumla kalori 201, protini gramu 18 na zaidi, fosforasi miligramu 123, kabla hata ya kuhesabu iliyotokea kwenye supu. Sasa linganisha na ngumi moja ya dagaa, gramu 20 tu: unavuka 200, na paka bado ana njaa. Hesabu hii inaonyesha njia. Chakula kamili bado hakijapatikana, na hapa ndipo tunapowaomba wateja wetu watusikilize kwa makini zaidi.

Nyama bila mfupa haina kalsiamu ya maana, na mfupa hauruhusiwi. Njia nzuri ni ganda la yai: lioshe, likaushe kwenye oveni au juu ya moto mdogo, lisage liwe unga laini kabisa usiokwaruza. Ni kabonati ya kalsiamu, karibu asilimia 38 yake ni kalsiamu, na ikiliwa pamoja na chakula inaishika sehemu ya fosforasi tumboni itoke kwenye kinyesi. Kwa mlo wa juu, nusu gramu kwa siku ndiyo inayokaribia kutosha. Nusu gramu huwezi kuikadiria kwa kijiko, ndiyo maana tunaipima kwenye vipakti, cha siku mojamoja. Na lazima kalsiamu ya damu iwe imepimwa kwanza, kwani kwa paka wengine wenye ugonjwa wa figo tayari ipo juu, na hao hatuwapi. Tunasisitiza jambo moja: usiende duka la pembejeo kununua unga wa mifupa au DCP ya kuku ukidhani ni kalsiamu. DCP ni kalsiamu iliyofungwa na fosfati. Utakuwa unamrudishia kwa kijiko kile ulichokitoa kwa sufuria.

Halafu kuna vitamini E, vitamini za kundi B zinazotoka kwa wingi na mkojo, zinki, iodini, potasiamu. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kilekile cha Davis walichambua mapishi 67 ya nyumbani yaliyokuwa yakisambazwa kwa ajili ya mbwa na paka wenye ugonjwa wa figo, na hakuna hata moja lililotosheleza virutubisho vyote. Kwa hiyo mapishi ya kuku na wali peke yake yatamfikisha wiki moja au mbili huku tukimtengenezea utaratibu wake. Zaidi ya hapo anahitaji mchanganyiko wa vitamini na madini wa paka usio na fosforasi, ambao tunauagiza. Mafuta ya alizeti, ambayo mkoa wetu umejaaliwa, hayachukui nafasi ya mafuta ya kuku: paka hawezi kuyageuza kuwa ile asidi ya mafuta anayoihitaji kutoka kwa mnyama. Kama uwezo upo na chakula cha figo cha kiwandani kinapatikana, tunakishauri hicho kwanza, tena cha majimaji, hata kama sisi tunakosa mauzo ya vipakti.

Kubadilisha chakula kuchukue wiki mbili mpaka nne, ukianza na kijiko kimoja ndani ya chakula alichozoea. Kipashe moto kidogo kifikie joto la mwili ili kinukie, na ongeza maji ya uvuguvugu juu yake. Weka mabakuli ya maji sehemu mbili tatu za nyumba. Paka akisusa, usishindane naye. Hatishwi kwa njaa kama mtoto. Siku mbili tatu bila kula zinatosha ini lake kuanza kujaa mafuta, na hilo linaweza kumuua kabla ya figo. Akisusa, mrudishie chakula cha zamani, kisha utupigie. Tunaona ni afadhali ale kitu kisicho sahihi kuliko asile.

Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Usimpe Panadol hata robo kidonge, inaua paka. Diclofenac, dawa ya maumivu, inamalizia figo. Zabibu zetu za Dodoma zinajulikana kuharibu figo za mbwa, nasi hatumpi paka.

Ukija kuandikiwa chakula, lete majibu ya damu kama unayo, yasizidi mwezi mmoja, au mlete paka mwenyewe tuchukue damu asubuhi kabla hajala. Andika kwenye karatasi kila alichokula kwa siku tatu, pamoja na vile vidogo anavyopewa na watoto. Utaondoka na kipimo chake kwa gramu, vipakti vya mwezi, na tarehe ya kurudi kupima uzito na damu baada ya wiki nne. Fosforasi ikiwa bado ipo juu wakati huo, daktari wetu ataongeza dawa ya kuifunga tumboni, inayochanganywa ndani ya chakula chenyewe. Kama huna mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, tuambie mapema. Tunazo chache za kuazimisha.