Ilunga, naomba makaratasi ya nkambo

Lubumbashi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ilunga,

Jambo sana. Habari za Likasi, mama na watoto wote? Sisi tuko, Mungu anatulinda, umeme unakuja na kukatika vile unavyojua. Yaya Béa anasalimia sana. Siku nyingi sijakuandikia, na leo naandika kwa sababu nina shida ambayo wewe ndiye unaweza kunitolea.

Wale vijana wa Katuba wanaocheza tamthilia wamepewa nyumba moja ya kampi, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni. Wanataka wanafunzi na wageni waingie humo waone namna nkambo zetu, mababu zetu, walivyoishi wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji. Vitu vya kukaa nyuma ya kioo tayari viko makumbusho ya pale mjini. Hawa watavaa nguo za wakati ule, watapika bukari (ugali), watapanga mstari wa posho, na mgeni atasimama humo humo kati yao. Wameniomba niwasaidie maneno, nami nimekubali kwa moyo wote. Kazi yenyewe ni ya zamani: kule Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen mwaka 1891, akabomoa nyumba za vijijini na kuzijenga upya mahali pamoja, na ndani yake akaweka watu waliovaa mavazi ya kwao.

Basi, vijana wanataka kuanza na fimbo. Kapita, msimamizi wa kazi, anapiga, mtu analia, wageni wanatoa simu wanapiga picha. Halafu wamalizie na risasi za tarehe 9 Desemba 1941, pale wagomaji waliokuwa wakidai kuongezwa mshahara walipopigwa risasi uwanjani na Léonard Mpoyi akafa. Ilunga, mambo hayo yalitokea na lazima yasemwe. Lakini usingizi unanipotea nikiwaza mgeni atabaki na nini akishapiga picha zake. Unakumbuka habari ya Tervuren? Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya maji ili watu wapite wakiwaangalia. Saba walikufa, makaburi yao yako pembeni ya kanisa hadi leo. Wale nao walikuwa "wanaonyesha maisha yao". Aliyekuja kuwauliza kitu, akangoja jibu, alikuwa nani?

Nimewaeleza vijana juu ya Williamsburg, kule Virginia, Marekani, mji wa zamani uliogeuzwa makumbusho. Mji ule wa karne ya 18 karibu nusu ya watu wake walikuwa Weusi, na wengi wao watumwa, lakini miaka mingi wageni walikuwa wanaonyeshwa zaidi nyumba nzuri za mabwana. Oktoba 1994 Christy Coleman, mwanamke Mweusi aliyeongoza idara ya historia ya Weusi pale, akaamua waigize mnada wa watumwa. Watu wakaja kupinga, wengine wakalia. Kabla ya kuanza alisimama mbele yao akawaomba watazame kwanza, wahukumu baadaye. Kisha yeye mwenyewe akacheza mwanamke mwenye mimba anayeuzwa. Namheshimu sana mama yule. Aliamua mwenyewe, na hakujificha.

Lakini kinachonivuta zaidi kiko Plymouth, Massachusetts, huko huko Marekani, kwenye makumbusho ya namna hii hii. Katika kijiji cha Waingereza waigizaji wanasema kama watu wa karne ya 17, na ukiwauliza juu ya mambo ya baadaye hawayajui. Hatua chache kutoka pale, watu wa asili wanavaa na kupika kizamani, lakini wanakuzungumzia kama watu wa leo. Mtoto akiuliza, "Halafu ardhi yenu ilienda wapi?", anajibiwa. Namna hiyo ndiyo naitaka kwetu: aliyecheza kapita avue kofia, akae chini na wageni, ajibu kila swali.

Na posho ije kwanza. Jumamosi mama mmoja wa Kamalondo alikuja kutazama mazoezi. Binti alikuwa anagawa unga kwa kopo, anamwaga haraka haraka. Mama akamshika mkono, akachukua kijiti, akakipitisha juu ya kopo mpaka unga ukawa sawa na ukingo. "Sisi tulikuwa tunaangalia kijiti hiki kama unavyomwangalia mwizi," akasema. Akatueleza namna ya kukunja kitenge ili unga usimwagike, nani alisimama mbele, nani alirudishwa nyumbani. Vijana waliacha mazoezi, wakamzunguka kwa maswali mpaka giza likaingia. Fimbo wameshaiona katika filamu nyingi. Kwamba kampuni ilikuwa na mkono wake ndani ya sufuria, kwamba tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilipoanza mikataba ya miaka mitatu na kutaka mfanyakazi aje na mke wake, nyumba, unga na dawa ya mtoto vyote vilitoka mlango mmoja: hiyo hawakuijua. Mtu akiijua hiyo, ndipo ataelewa ni ujasiri gani uliotakiwa kugoma mwaka 1941.

Naomba hivi: ile kitabu ya kazi ya nkambo wako bado iko kwenye sanduku la mzee? Unaweza kuipiga picha, kurasa zote, hata zile zilizochakaa? Na mzee, si alikulia kampi ya Panda? Atakubali nimpigie simu? Muulize samaki walikuwa wanagawa siku gani, na sireni ya asubuhi ililia saa ngapi. Mama zake walifundishwa kushona pale fuaye, nyumba ya kufundishia wanawake, ama walikataa kwenda? Na wewe mwenyewe unaonaje: 1941 tuiigize, ama tuisome kwa sauti tu, na majina ya waliokufa tunayoyajua? Yaya Béa anasema tuigize, mimi bado nasita. Utakuja lini? Jibu upesi, Alhamisi tunakaa na vijana kupanga.

Wako,
Kabwe